Kalavati la Mlangoni ni Afya ya Nyumba Mbili



Sisi wa Manyoni tumezoea kulilia maji. Tangu Mei hadi Novemba makorongo yetu ni makavu, na ndoo moja ya maji ni mali. Kisha mvua ya Desemba inanyesha saa moja tu, na ardhi iliyokauka haiwahi kuyanywa maji yote. Yanateremka kwa nguvu, yanakata barabara na kuingia hadi uani. Mwezi huu tujifunze juu ya kalavati, yaani bomba la kupitisha maji ya mvua chini ya barabara au chini ya njia ya kuingilia nyumbani.

Huenda mtu akauliza: kalavati linahusiana nini na afya? Linahusiana sana. Maji yakikosa njia hujaza vyoo vya shimo na kupeleka kinyesi visimani. Hapo ndipo panapoanzia kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Yakituama huwa kitalu cha mbu: mbu wa malaria huhitaji siku 7 hadi 14 hivi tangu yai hadi kuruka. Na yakikata barabara, mama mwenye uchungu hafiki hospitali ya wilaya wala ile ya Mtakatifu Gaspar kule Itigi. Wazee wetu wanakumbuka mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, zilizokata reli ya kati na barabara nyingi, huku kipindupindu kikienea nchini.

Jambo la kukumbuka ni hili: kalavati haliondoi maji, linayahamisha tu. Tuseme Baba Petro ameweka bomba jembamba mlangoni. Mvua ya kwanza linaziba, na maji yanarudi nyumbani kwake. Analizibua na kulielekeza upande wa pili. Sasa maji yanaingia chooni kwa Mama Asha, ambaye kisima chake kiko hatua chache tu kutoka hapo. Wiki ile watoto wa nyumba zote mbili wanaharisha, kwa kuwa wote huchota kisima kimoja.

1. Pima maji kabla ya kununua bomba

Baada ya mvua kubwa, tazama majani na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka kando ya mtaro. Vinaonyesha maji yalifika wapi. Uliza na wazee juu ya mvua kubwa kuliko zote walizoziona. Kisha pima upana na kina cha maji hayo. Tuseme upana ni sentimita 100 na kina ni 30: zidisha, utapata sentimita za mraba 3,000.

Sasa pima tundu la bomba: nusu ya kipenyo mara nusu ya kipenyo mara 3.14. Bomba la sentimita 30 lina kama 700 tu. La 60 lina kama 2,800, nalo bado halitoshi. La 90 lina kama 6,350. Hilo linatosha, na takataka zitapita. Angalieni: bomba la 60 si mara mbili ya la 30, ni mara nne. Kwa hiyo anayepunguza kipenyo ili aokoe fedha kidogo hupoteza nafasi kubwa. Bomba moja kubwa ni bora kuliko mawili madogo, maana madogo huziba upesi.

2. Bomba la aina gani?

Bomba la zege lenye nondo hudumu na hubeba malori. Kabla ya kulipa, ligonge: likilia wazi ni dalili nzuri, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka, liache. Bomba la bati lenye mawimbi ni jepesi, lakini hushikwa na kutu. Mapipa ya mafuta yaliyotobolewa yasitumike. Yanaoza na kubonyea chini ya gari.

Mtaro wako ukiwa na kina kidogo, bomba kubwa halitaingia. Usilazimishe. Tengeneza kivuko cha mawe kilichobonyea katikati, ambacho mafundi hukiita drifti. Maji hupita juu yake, na yakiisha gari linapita. Ni rahisi, wala hakizibi.

3. Kulilaza

Kama mtaro uko ndani ya hifadhi ya barabara, omba kibali kwanza: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za wilaya na mitaa. Kisha fuata hatua hizi:

(a) Chimba hadi udongo imara. Kwenye mbuga nyeusi, udongo huvimba na kupasuka; utoe, ujaze moramu na kushindilia.

(b) Weka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Bomba la mita 6 lishuke sentimita 12. Mpira mwangavu uliojazwa maji utakupimia vizuri.

(c) Anza kulaza upande wa chini ukipanda juu. Kichwa kipana cha kila bomba kitazame maji yanakotoka. Ziba maungio kwa saruji na mchanga.

(d) Rudisha udongo pande zote mbili kwa usawa, sentimita 15 kwa 15, ukishindilia kila tabaka. Juu ya bomba uwe na kina cha sentimita 60 mahali panapopita malori.

(e) Jenga ukuta wa mawe kila mdomo, na panga mawe makubwa mbele ya mdomo wa chini, la sivyo maji yatachimba shimo, na shimo hilo litakuwa dimbwi la mbu.

4. Maji yaende wapi?

Kabla ya kuchimba, tembea na jirani yako mkifuata njia ya maji mpaka korongoni. Yasielekee chooni, kisimani wala ukutani kwa mtu. Kwa kuwa Manyoni maji ni haba, yageuzeni yaende kwenye miti au shamba, yanywewe na udongo siku hiyo hiyo.

5. Kulitunza

Zibueni kila Novemba na baada ya kila mvua kubwa, kwa mti mrefu na koleo. Mtoto asitumwe kuingia ndani ya bomba, wala asicheze mdomoni maji yakipita. Takataka zisitupwe mtaroni. Kisima kikiingiwa na maji ya mafuriko, maji yake yachemshwe hata kama yanaonekana safi, hadi afisa afya akisafishe.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Maji ya mlangoni petu yanaishia kwa nani?
2. Choo chetu kiko juu au chini ya kisima?
3. Nani atazibua kalavati mwaka huu, na lini?

Kinga ni bora kuliko tiba, na safari hii kinga yenyewe ni jembe, koleo na mazungumzo na jirani.