Hatamu Bila Lijamu

JUMATANO

Soma Zaburi 32:8, 9 na Hosea 11:4. Mungu anapenda kuwaongoza watu wake kwa njia gani, na ni njia gani asiyopenda kulazimika kuitumia?

Lijamu ni kipande cha chuma kinachokaa kinywani mwa farasi, juu ya ulimi. Kati ya meno ya mbele na magego farasi ana nafasi isiyo na meno, na chuma hulala hapo. Ufizi wa mahali hapo ni mwembamba, na chini yake ni mfupa wa taya. Hatamu zikivutwa, chuma hukandamiza ulimi na ufizi huo.

Wengi wetu hatujawahi kupanda farasi. Katika sehemu kubwa ya Afrika mbung'o na ugonjwa wa nagana uliwazuia farasi wasikae. Sisi tunamjua punda. Kwa hiyo ni rahisi kusoma fungu la 9 tukidhani kwamba farasi ni mnyama mgumu asiyehisi. Lakini nzi mmoja akimtua ubavuni, farasi humhisi, akaitikisa ngozi ya mahali pale. Tena wako walio wepesi wa kuhisi kuliko wenzao. Hao, chuma kikiguswa kidogo tu, hurusha kichwa, hufungua kinywa au hukimbia mbele. Mpandaji asiyeelewa hutafuta lijamu kali zaidi, na farasi huzidi kuogopa. (Kwanza daktari wa mifugo na ayatazame meno, maana jino bovu nalo huleta dalili hizo hizo.)

Kwa farasi wa namna hiyo wengine huondoa chuma kabisa. Jambo hili ni la zamani. Wapanda farasi wa Numidia, Afrika ya Kaskazini, waliopigana katika jeshi la Hannibal kati ya 218 na 201 K.K., walijulikana kwa Warumi kwa kupanda bila lijamu. Huko California wachunga ng'ombe walimwanzisha farasi kijana kwa mkanda wa ngozi iliyosukwa, uliozunguka pua, wakati meno yake ya utoto yakiwa bado yanang'oka. Chuma kilifuata baadaye. Siku hizi ipo mikanda ambayo hatamu zake hufungwa pande mbili za pua, na mingine ambayo kamba zake hupishana chini ya taya, hata ukivuta hatamu ya kulia, kichwa husukumwa kutoka upande wa kushoto.

Je, chuma kikiondoka, maumivu yameondoka? Sehemu ya juu ya pua ya farasi ni mfupa, lakini kuelekea chini mfupa huo huwa mwembamba na kuishia penye sehemu laini. Mkanda ukikaa chini mno, au ukikazwa mno, humbana mahali anapopumulia, naye farasi hawezi kupumua kwa kinywa. Iko pia aina yenye vyuma virefu kando ya mashavu. Kinywani hamna kitu, lakini vyuma vile huzidisha nguvu ya mkono juu ya pua na chini ya kidevu. Mkono mzito wenye mkanda huo waweza kuumiza kuliko mkono mwepesi wenye lijamu.

Hivyo anayepaswa kubadilika zaidi ni mpandaji. Huanza akiwa amesimama chini, kando ya farasi, ndani ya uwanja wenye ua, akimfundisha kugeuza kichwa, kusimama na kurudi nyuma. Akiisha kupanda, huomba kwanza kwa uzito wa mwili wake na kwa miguu. Mkono huja mwisho. Na hili ndilo gumu: farasi anapoitika, hata kidogo, mkono hulegea mara moja. Kule kuachiliwa ndiko kunakomfundisha. Mpandaji anayeendelea kuvuta baada ya kuitikiwa humfundisha farasi kwamba kutii hakuna faida.

Nionavyo mimi, hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapoguswa. Wako wazazi na viongozi wa vijana walioacha fimbo, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mahali pa fimbo wameweka aibu. Kosa la mtoto hutajwa mbele ya wageni, na hutajwa tena hata baada ya yeye kuomba msamaha. Chuma kimetoka kinywani kikahamia puani.

Tazama Yakobo katika Mwanzo 33:13, 14. Alikataa kwenda kwa mwendo wa Esau kwa ajili ya watoto na wanyama wanyonyeshao, wala hakuacha kuongoza. Rudi pia kwenye Zaburi 32:8. Kuongozwa kwa jicho kunahitaji anayeongozwa awe karibu, na asiogope kumtazama usoni anayemwongoza.

Mtoto au kijana unayemwongoza alipokuitika mara ya mwisho, hata kama ni kidogo tu, ulifanya nini na mkono wako?