Kufunga Mkia

Kabla hujaendelea, fungua Luka 10:25-37, Msamaria Mwema. Najua unaijua. Isome tena polepole, halafu urudi hapa.

Ilikuwa Machi, Kwaresima, mvua za masika zimeanza. Nilikuwa Zanzibar kwa siku chache kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kutembeza wageni. Asubuhi iliingia meli kubwa ya watalii, na abiria walitakiwa wawe wamerudi melini saa kumi jioni. Msaidizi wake aliumwa, akaniambia, "Mjomba, leo utafunga mkia." Maana yake nitembee nyuma ya kundi, nihesabu vichwa, nisukume wanaochelewa. Vichwa vilikuwa ishirini na viwili.

Mnajua vichochoro vya Mji Mkongwe mvua ikinyesha. Maji yanatiririka katikati ya njia, miavuli miwili haipishani. Tulipita Forodhani, Ngome Kongwe, Beit el Ajaib kwa nje. Minara Miwili, kanisa letu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na wamisionari Wafaransa miaka ya 1890, tulilipa dakika tatu, nalo kwa nje. Watu wakapiga picha chini ya makoti ya plastiki, twende.

Mkunazini walipewa dakika ishirini. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 enzi za Sultani Barghash, na ndugu zetu Waanglikana wakajenga kanisa juu yake. Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, kazi ya msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs. Wamefungwa minyororo shingoni, na sura zao ziko chini ya miguu yako wewe unayetazama.

Dakika ishirini zikaisha. Bibi mmoja mwenye fimbo akagoma kuondoka. Nikamwambia basi linasubiri, bado kuna Darajani na shamba la viungo. Akasema hataki viungo, atabaki hapo. Mjomba akaangalia saa, akaniambia, "Baki naye, tutawapitia tukirudi."

Nakiri nilikasirika. Shambani kulikuwa na pilau.

Basi tukasimama, mwavuli mmoja, mvua inaingia shimoni. Baada ya muda akaniuliza, "Hawa waliitwa nani?" Nikamjibu kama mtu aliyesoma: mwaka, mkataba, Sultani, Waingereza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akarudia swali. Sikuwa na jibu. Nikatazama shimoni kwa kuona aibu tu, na hapo nikagundua ni watano. Nimepita pale mara nyingi, nimewaeleza wengine habari za pale, na sikuwahi kuwahesabu. Kwangu walikuwa "watumwa", basi. Vichwa vya watalii nilikuwa nimevihesabu mara sita asubuhi ile.

Sasa rudi kwenye Luka. Kuhani alimwona yule aliyepigwa na wanyang'anyi. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Wote watatu waliona, na katika Kigiriki Luka anatumia neno lilelile kwa wote. Kwa hiyo huwezi kumtetea kuhani kwamba hakuona, na mimi ninayeomba kuwa kuhani siwezi kuruka mstari huo. Huruma ya Msamaria ilimsimamisha njiani: akakaribia, akafunga majeraha, akampandisha mnyama wake, akalala nyumba ya wageni usiku huo. Safari yake ilichelewa. Alikuwa na ratiba kama wale wengine, ila hatuambiwi ilikuwa ipi, na nadhani hilo halikumhusu tena.

Nilipokuwa nasoma falsafa tulisoma Maungamo ya Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kumi anashangaa jinsi watu wanavyosafiri kwenda kustaajabia milima, mawimbi na nyota, huku nafsi zao wenyewe wanazipita. Nilipata alama nzuri kwenye mtihani ule. Lakini asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepita mbele ya Minara Miwili, Ekaristi Takatifu iko ndani, na hata ishara ya msalaba sikufanya. Nilikuwa nahesabu watu. Usiku nikasali Masifu, Zaburi zote, kwa dakika chache, jicho kwenye simu. Kwa nje tu, kama basi la watalii.

Na Njia ya Msalaba je? Ijumaa ngapi tumekimbiza vituo kumi na vinne ili tuwahi daladala? Sisemi msiwahi daladala, usafiri wa jioni naujua. Ila ukiwa peke yako, jaribu hivi wiki hii: chagua kituo kimoja tu, ubaki hapo nusu saa. Usitafute wazo zuri la kuandika kwenye status. Mtazame aliyepo, hesabu waliopo, jiulize nani hapo hujawahi kumwona. Ukichoka, baki kidogo tena.

Mjomba alitupitia karibu saa nane, sisi tumelowa, bibi akapanda basi bila neno.

Mimi nimechagua kituo cha tano, Simoni wa Kirene. Naye alikuwa anapita tu, wakamlazimisha. Nina wiki ya pili pale na siku nyingine nasinzia.