Kutunisha misuli bila ugali: Ni mkebe upi wa kununua?

VIJANA wengi siku hizi wakitoka jimu jioni huelekea moja kwa moja katika duka la virutubishi vya ziada. Huko hukuta mikebe mikubwa yenye picha za wanaume waliotuna vifua, na muuzaji mwenye jibu la kila swali. Kijana aliyepunguza wanga ili kitambi kiondoke na misuli ikue hujikuta ametoa pesa za kodi ya nyumba kwa mkebe ambao huenda ukaiharibu lishe aliyoikusudia.

Kabla ya kutia mkono mfukoni, ni muhimu kufahamu mwili unahitaji nini hasa.

Wanga unapopungua

Wanga tunaokula hugeuka sukari, na sehemu ya sukari hiyo huwekwa akiba katika ini na misuli. Akiba hii huitwa glaikojeni, na kila gramu yake hushika takriban gramu 3 za maji. Mtu anapoacha ugali, chapati, wali na soda, akiba hupungua na maji yake hutoka. Ndiyo sababu mizani huweza kuonyesha umepoteza kilo 2 katika wiki ya kwanza. Usishangilie mapema, kwani sehemu kubwa ni maji, wala si mafuta.

Figo nazo hutoa chumvi nyingi kuliko kawaida. Matokeo yake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, uchovu na misuli ya miguu kukazana. Hapa ndipo wengi hukimbilia unga wa kuongeza nguvu, ilhali wanachokosa ni maji na chumvi. Kikombe cha supu ya mifupa iliyotiwa chumvi husaidia. Sukuma wiki, managu, terere na avokado huleta potasiamu na magnesiamu. Hata hivyo, mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiongeze chumvi wala kumeza tembe za potasiamu bila idhini ya daktari.

Piga hesabu jikoni kwanza

Misuli hujengwa na mazoezi mazito pamoja na protini. Kupunguza wanga peke yake hakujengi misuli. Anayenyanyua vyuma anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzani wake. Hivyo, mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 112 hivi.

Je, kiasi hicho chaweza kupatikana bila mkebe? Mayai 4 yana takriban gramu 24. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, gramu 200 kabla ya kupikwa, ina gramu 40. Omena kavu gramu 40 humpa kama gramu 20, glasi 2 za maziwa lala gramu 16, na gramu 50 za njugu karanga gramu 13. Jumla ni gramu 113. Msomaji ataona kuwa kazi imekwisha bila ya duka.

Maharagwe na ndengu pia zina protini, lakini zina wanga mwingi zaidi ya protini yake. Usiziache, bali pima kiasi.

Mikebe yenyewe

Sasa tuangalie vitu vinavyouzwa, kimoja baada ya kingine.

Unga wa wei hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Ni protini safi, na kijiko kimoja kikubwa cha mkebeni huwa na gramu 20 hadi 25. Unamfaa mtu asiyepata nafasi ya kupika au kula mchana. Kama chakula chako kinatosha, hautakuongezea kitu.

Unga wa kuongeza uzani ndio mtego mkubwa. Mkebe wake ni mkubwa na hupendeza macho, lakini sehemu kubwa ya kilichomo ni wanga na sukari. Ukiunywa, umerudisha kwa mlango wa nyuma ule ugali uliouacha. Soma lebo: ikiwa gramu za wanga zinazidi za protini mara mbili au tatu, urudishe rafuni.

Kreatini ni miongoni mwa vitu vichache vilivyothibitishwa kusaidia. Imo katika nyama na samaki, na huipa misuli nguvu ya haraka unaponyanyua uzito. Gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Chagua ile ya kawaida, yaani monohaidreti. Za bei ghali hazijaonyesha kuishinda. Uzani waweza kupanda kilo moja hivi kwa sababu ya maji yanayoingia misulini. Ukipimwa figo, mwambie daktari kwamba unaitumia, kwani huweza kubadilisha majibu ya damu.

Tembe za asidi za amino hazina kazi kwa mtu anayepata protini ya kutosha, kwani asidi hizo zimo tayari katika mayai, nyama na maziwa.

Yasiyoandikwa kwenye lebo

Kati ya mwaka 2000 na 2001, maabara ya Cologne nchini Ujerumani ilipima virutubishi 634 kutoka nchi 13. Kati yavyo, 94 vilikuwa na homoni za jamii ya steroidi ambazo hazikutajwa kwenye lebo. Steroidi huweza kudhuru ini na moyo, kusinyaza korodani na kuleta utasa. Mwanamichezo akipatikana nazo mwilini huwajibika yeye mwenyewe, hata kama aliuziwa bila kujua. Kwa hivyo, epuka mkebe usio na nembo ya ubora wala jina la mtengenezaji, na ule unaoahidi misuli kwa wiki mbili.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe za glibenklamaidi asipunguze wanga kabla ya kumwona daktari. Sukari yake yaweza kushuka ghafla akapoteza fahamu.

Basi, msomaji, mpangilio ni huu: kwanza mazoezi na usingizi, pili sahani yako, tatu maji na chumvi, nne kreatini ukipenda, na mwisho unga wa wei iwapo chakula kimepungua. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkebe unaopigiwa kelele nyingi dukani, uutazame mara mbili kabla ya kulipa.