SOMO: UNYEVU WA MASIKA NA VIFUNGASHIO VYA VITU VIKAVU

Kila masika yanapoingia Unguja na Pemba, malalamiko ya namna moja husikika majumbani, madukani na maofisini. Chumvi imelowana, unga wa maziwa umegandamana, bahasha zimejigundisha zenyewe, na mfuko wa saruji ulioachwa wazi umekuwa jiwe. Aghalabu lawama huangukia paa. Hata hivyo mara nyingi paa huwa zima, na kitu kilichoharibika kilikuwa ndani ya mfuko usiopitisha hata tone moja la maji. Ieleweke kwamba kuzuia maji na kuzuia mvuke wa maji ni kazi mbili mbalimbali, na kifungashio kinachoiweza ya kwanza huenda kikashindwa kabisa na ya pili.

Hewa yenyewe ndiyo hubeba maji hayo. Katika joto la digrii 28 za Sentigredi na unyevu wa asilimia 80, hali isiyokuwa ngeni visiwani, kila mita moja ya ujazo wa hewa huwa na takriban gramu 22 za mvuke. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 huwa na zaidi ya kilo moja ya maji yasiyoonekana, na kuta zake zikawa kavu. Kila kitu kikavu huuvuta mvuke huo kwa kadiri ya maumbile yake. Chumvi safi huanza kuyeyuka unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi, ambapo sukari hustahimili mpaka karibu asilimia 85. Ndiyo maana katika jiko moja kopo la chumvi hutoa maji na la sukari likabaki kavu.

Namna mvuke unavyopenya utando wa plastiki usio na tundu lolote huwashangaza wengi. Mvuke haupiti kama maji yanavyopita katika chujio. Kwanza molekuli za maji hujiyeyusha katika uso wa utando ulio upande wa unyevu mwingi. Kisha hujipenyeza polepole baina ya minyororo ya molekuli za plastiki, na mwisho hutoka upande wa pili ulio mkavu. Kwa hiyo mambo mawili huamua kasi ya safari hiyo: plastiki inaafikiana na maji kiasi gani, na minyororo yake imeshikana vipi. Polithini ina tabia ya mafuta, na mafuta na maji hayapatani. Kwa hivyo mvuke mchache tu hupata mahali pa kuingia. Karatasi na pamba zina asili ya mimea, nazo huyapokea maji kwa ukarimu.

Hapa inafaa kusahihisha jina moja lililozoeleka. Kile ambacho watu hukiita mfuko wa nailoni kwa kawaida si nailoni, bali ni polithini. Nailoni ya kweli ni madhubuti na haichaniki upesi, lakini hunyonya maji, na utando wake hupitisha mvuke mara nyingi zaidi ya ule wa polithini wenye unene sawa. Mfanyabiashara anayeagiza vifungashio kwa kufuata jina la mtaani huenda akapata alichokitaja, asipate alichokikusudia.

Historia ya selofani inaonyesha vyema tofauti hiyo. Karatasi hiyo angavu ilivumbuliwa na Jacques Brandenberger, mtaalamu wa Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 20. Ilipendeza machoni na haikuvuja, lakini kwa kuwa ilitengenezwa kutokana na mbao, mvuke uliipita kwa wepesi, na bidhaa zilizotakiwa kukaa kavu au laini hazikuhifadhika ndani yake. Mwaka 1927 William Hale Charch, mkemia wa kampuni ya DuPont ya Marekani, aliipaka tabaka jembamba mno la vanishi iliyochanganywa na nta. Selofani ilibaki angavu vilevile, na tangu hapo ikawa kinga dhidi ya mvuke. Kilichofanya kazi ni kile kipako ambacho jicho haliwezi kukiona.

Wataalamu hupima sifa hii kwa kufunika kikombe chenye maji, au chenye dawa inayofyonza unyevu, kwa kipande cha utando, kisha kukipima uzito siku baada ya siku. Matokeo hutajwa kwa gramu za mvuke zinazopita katika mita moja ya mraba kwa siku. Jaribio hilo likifanywa katika joto la digrii 38 na unyevu wa asilimia 90, utando wa polithini nyepesi wenye unene wa maikroni 25, yaani sehemu 25 za milimita iliyogawanywa mara elfu, hupitisha takriban gramu 18. Polithini nzito, ile inayokwaruza na kutoa sauti inapofinywa, hupitisha kiasi cha theluthi ya hizo. Karatasi ya alumini isiyo na kasoro haipitishi kitu cha kuhesabika.

Tarakimu hizo zinaweza kuletwa dukani. Tuseme nusu kilo ya unga wa maziwa imetiwa katika mfuko wa polithini nyepesi wa sentimita 20 kwa 20, wenye unene huo wa maikroni 25. Pande zote mbili zina eneo la mita za mraba 0.08, kwa hiyo katika hali ya jaribio karibu gramu moja na nusu ingeingia kila siku. Hewa ya visiwani si kali kama ile ya maabara, na kiasi hicho hushuka mpaka kama nusu gramu. Ni kidogo kwa kukitazama. Lakini kanuni za kimataifa za chakula haziruhusu unga wa maziwa uzidi asilimia 5 ya maji, ambayo kwa nusu kilo ni gramu 25. Unga ulioanza na asilimia 3 una nafasi ya gramu 10 tu, nayo huweza kumalizika katika siku 20 hivi, kabla masika hayajafika nusu. Mfuko wenye unene maradufu huongeza muda huo karibu mara mbili. Muuzaji anayefungua gunia kubwa na kupima vifuko vidogo vidogo aelewe pia kwamba kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo, ndivyo eneo lake linavyokuwa kubwa kwa kulinganisha na kilichomo.

Hesabu yote hiyo inachukulia kwamba mfuko umefungwa barabara. Fundo la mkono, mshono wa uzi na tundu la pini huweza kupitisha mvuke zaidi ya utando wenyewe. Viroba vilivyofumwa kwa polipropilini ni mfano mzuri: kila uzi wake ni kizuizi kizuri, lakini mianya iliyo baina ya nyuzi huufungulia mvuke mlango. Kwa saruji au mbolea, kiroba chenye bitana ya plastiki ndicho cha kutegemewa, tena kikiwekwa juu ya mbao na si juu ya sakafu tupu.

Jambo jingine husahauliwa mara kwa mara, nalo limewatia hasara wenye mazao. Utando hauna upande. Unaozuia unyevu usiingie huuzuia pia usitoke. Kwa karafuu nzima, kiwango cha kimataifa ni unyevu usiozidi asilimia 12. Karafuu zilizoanuliwa mapema kwa kukimbia mvua, zikafungwa ndani ya plastiki, hubaki na maji yake. Usiku hewa inapopoa, maji hayo hutonea upande wa ndani wa mfuko, na ukungu hupata makazi. Katika gunia la juti karafuu hizo zingeendelea kupumua siku za jua, ingawa gunia hilohilo halizilindi siku za mvua. Kwa hivyo swali la mfuko gani hufuata baada ya swali la ukavu, na karafuu iliyokauka hujulikana kwa kuvunjika kwa mlio. Majalada ya ofisi nayo ni vivyo hivyo: yakifungwa katika plastiki yakiwa na unyevu, huoza upesi kuliko yale yaliyoachwa kwenye rafu yenye hewa.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, vifuko vya karatasi na vya kitambaa vimechukua nafasi yake sokoni. Hivyo vinafaa kubebea, ila kwa kuhifadhia sukari, unga au chumvi ni sawa na kuviacha wazi. Kioo na bati havipitishi mvuke, na kasoro yao huwa kwenye kifuniko tu. Chupa ya jemu iliyooshwa na kukaushwa sawasawa huushinda mfuko wowote wa dukani. Mtungi wa udongo usitumike kwa kazi hii: maji yake huwa baridi kwa sababu hiyohiyo kwamba kuta zake zinapitisha unyevu, ukageuka mvuke kwa nje.

Panapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pote ni kwenye dawa. Pakiti za chumvi za kumwongezea maji mgonjwa wa kuharisha hutengenezwa kwa alumini iliyobandikwa plastiki, kwa kuwa unga huo huvuta unyevu kwa nguvu. Alumini nyembamba sana huwa na vitundu visivyoonekana, na plastiki huviziba. Pakiti ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja huweza kupasuka ndani kwa ndani. Vidonge navyo visitolewe katika pakiti zake na kutiwa ndani ya bahasha ya karatasi wiki kadhaa kabla ya kutumiwa, wala kabati la dawa lisiwekwe chooni au karibu na jiko. Aspirini hutoa ushahidi wake yenyewe: mvuke ukiifikia huivunja, na moja ya vitu vinavyotokea ni asidi ya siki. Mwenye kufungua kopo la aspirini akakutana na harufu ya siki asiwape wagonjwa vidonge hivyo, hata kama tarehe iliyoandikwa haijafika, bali avirejeshe katika kituo cha afya.