Barafu Juu ya Nchi ya Joto

Wakati wa mvua, wakulima wa Nachingwea na Ruangwa hupalilia mashamba yao huku jasho likiwatiririka. Ni vigumu kwao kusadiki kwamba juu ya vichwa vyao kuna barafu. Tena si mbali: ni mita 5,000 hivi, yaani mwendo wa saa moja, kama ingekuwako njia ya kwenda angani kwa miguu.

Sababu yake ni hii. Jua huipasha ardhi moto kwanza, kisha ardhi huipasha hewa iliyo karibu nayo. Kwa hiyo kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo baridi izidivyo. Katika kila mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Ushahidi wake ni Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895: uko karibu na ikweta, walakini kileleni pana barafu.

Ajabu iliyo kubwa zaidi imo mawinguni. Matone madogo ya maji hayagandi yote mara yafikapo penye baridi. Mengi hubaki maji mpaka yaguse kitu. Eropleni ikipita humo, matone huipiga na kuganda papo hapo juu ya mabawa. Bawa huibeba eropleni kwa sababu ya umbo lake. Barafu ikiliharibu umbo hilo, eropleni huweza kuanguka.

Juu zaidi, katika mawingu ya radi, barafu huwa chembe ndogo kama unga. Tarehe 1 Juni 2009, eropleni ya Ufaransa iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita katika mawingu ya namna hiyo juu ya bahari ya Atlantiki. Chembe zile ziliziba mabomba madogo yanayopima mwendo. Mabomba yalizibuka baada ya muda mfupi, lakini marubani walikuwa wamekwisha kufadhaika, na pua ya eropleni ikainuliwa kupita kiasi. Ikaanguka baharini, wakafa watu wote 228.

Basi dawa ya hatari hiyo ni nini? Eropleni kubwa nyingi hupasha mabawa yake kwa hewa ya moto itokayo katika injini, na mabomba ya kupimia mwendo hupashwa kwa umeme. Eropleni ndogo nyingi hazina vyombo hivyo. Hizo hazina budi kukaa chini ya mahali penye barafu.

Lakini chombo kisichojua kilicho mbele hakisaidii sana. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huchungulia anga usiku na mchana, na barafu kali ikitazamiwa, hutoa ilani kwa marubani. Ilani hutaja mahali, urefu wa kwenda juu, na saa za kuanza na kwisha. Naye rubani akutanaye na barafu hutoa habari kwa redio, ili wanaomfuata nyuma wageuze njia mapema. Hivyo neno la mmoja huweza kuokoa roho za watu wengi asiowajua.

Maswali
1. Kwa nini hewa ya juu ni baridi kuliko ya chini?
2. Barafu hulidhuruje bawa la eropleni?
3. Ilani ya barafu hutaja mambo gani?