Zaidi wa Tororo Anataka Nini? Nia ya Mzazi Katika Kurekebisha Jeni za Mtoto

 

Ndugu msomaji, vitabu vyetu vya fiqhi vina watu wawili wasiozeeka, Zaidi na Amri. Zaidi anauza ngamia, Amri anakataa kulipa, na sisi wanafunzi tunatoa hukumu. Muhula uliopita, katika somo la masuala ya kisasa, ustadhi wetu alimhamishia Zaidi Tororo. Akamfanya mchuuzi wa mahindi, anayenunua magunia Tororo na kuyavusha mpaka wa Busia. Yeye na mkewe wote wamebeba jeni ya selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu wengi wanauita sikoseli. Wana binti wa miaka tisa mwenye maradhi hayo, na wamemzika mtoto wa kiume wa miaka minne. Sasa Zaidi ameuza shamba la urithi. Amesikia kuna daktari nchi ya mbali anayeweza kurekebisha jeni za mtoto angali kiinitete, kabla hajawekwa tumboni mwa mama. Anauliza: inajuzu?

Asije mtu akasema tunapoteza wakati kwa mambo yasiyokuwapo. Imamu Abu Hanifa naye alilaumiwa kwa kuuliza yasiyotokea, na inapokewa kwamba alijibu kuwa wanavyuoni hujiandaa na balaa kabla halijashuka.

Ustadhi alitukataza kuanza na hukumu. Alisema, "Niandikieni kwanza, Zaidi anataka nini?"

Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya, na mdogo wangu wa kike ana sikoseli, kwa hiyo niliona swali hili ni jepesi. Anayemjua mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, huku wazazi wakitafuta pikipiki ya kumkimbiza hospitali, anajua Zaidi anataka nini. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kuleta mbebaji kama wao, na nafasi moja ya kuleta mtoto asiye na jeni hiyo kabisa. Na hesabu huanza upya kila mimba. Aliyepata mgonjwa wa kwanza hajamaliza fungu lake la wagonjwa, ingawa majirani wengi hudhani hivyo.

Jambo ambalo sikulijua ni kwa nini jeni hii imejaa kwetu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana imeenea sana kuzunguka Ziwa Victoria, penye mbu wengi. Kwa maneno mengine, jeni ambayo Zaidi anaiita laana huenda ndiyo iliyomvusha babu yake utotoni. Na tukimwondolea mtoto zote mbili, ataishi Tororo ile ile, na mbu wale wale, bila ngao hiyo. Darasa lilinyamaza kidogo hapo.

Tukaanza kuandika. Mmoja alisema Zaidi anataka asizike tena. Mwingine akasema amechoka kusikia upande wa wakwe wakinong'ona kuwa damu yake ni mbaya. Dada mmoja aliyekaa mbele akatuambia tusome karatasi vizuri: Zaidi alimuuliza daktari pia kama mtoto anaweza kuwa wa kiume, na mrefu kidogo kuliko yeye. Tulicheka, lakini ndipo mas'ala yalipokuwa magumu. Huyu si Zaidi mwema na Zaidi mwovu. Ni baba mmoja, na kilio chake kimechanganyika na aibu yake na tamaa yake.

Ndugu zetu kadhaa walitaka kufunga mjadala kwa aya ya 119 ya Suratun Nisaa, inayotaja ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu wabadili maumbile ya Allah. Aya ni nzito. Lakini tazama wanavyuoni walivyoifahamu. Katika hadithi inayowalaani wanaochonga mwanya kwenye meno, limo neno linalotaja sababu: kwa ajili ya uzuri. Imamu Nawawi alilishika neno hilo, akaeleza kuwa aliyefanya kwa tiba au kwa kasoro ya jino hana ubaya. Kisha yuko sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani zama za ujahiliya. Aliweka pua ya fedha, ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, nayo dhahabu ni haramu kwa wanaume. Mkono unaochonga na mkono unaotibu hufanya kazi inayofanana, na kinachowatenganisha ni walichokiendea. Kwa hiyo ustadhi alipouliza Zaidi anataka nini, swali lenyewe lilikuwa ndani ya fiqhi, si utangulizi wake.

Baraza la Fiqhi la Rabita, lililokaa Makka mwaka 1998, lilipita njia hiyo hiyo: uhandisi wa jeni unajuzu kwa kuzuia maradhi, kuyatibu au kupunguza madhara yake, bila kuleta madhara makubwa zaidi, na haujuzu kwa kuchezea utu wa mwanadamu au eti kuboresha kizazi chake. Ombi la mtoto mrefu linaanguka hapo hapo. La mtoto wa kiume lilitupeleka kwa mamake Maryam, aliyeweka nadhiri ya aliye tumboni akitaraji mwana wa kuhudumia nyumba ya ibada, akajifungua binti. Alichofanya ni kumpa jina na kumwombea kinga yeye na kizazi chake.

Halafu tulisoma habari ya China. Novemba 2018 mtaalamu He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike aliobadilisha jeni zao wakiwa viinitete. Baba yao anaishi na virusi vya Ukimwi, mama hana, na kusudi lilikuwa watoto wawe na kinga dhidi ya virusi hivyo. Mahakama ilimfunga mtaalamu huyo miaka mitatu mwishoni mwa 2019. Kilichotushtua ni kwamba ipo njia ya kuosha mbegu za baba maabara ili virusi visimfikie mtoto, na njia hiyo ilijulikana miaka mingi kabla. Hatari ya kurithi kwa baba haikuhitaji kugusa jeni. Basi wazazi walikuwa wanatafuta nini? Kundi letu lilisema: walitaka mtoto asiyeweza kupatwa na lililompata baba. Ni huruma, lakini ndani yake mna mzazi anayejifuta mwenyewe.

Tukaandika jibu la kurasa nne. Nia ya kuondoa maradhi ni sahihi kwa asili yake. Jinsia na urefu, hapana. Na hata hiyo ya kwanza isitishwe kwa sasa, kwa kuwa kosa la maabara litarithiwa na wajukuu ambao hawakuulizwa, na zipo njia nyingine: kupima damu kabla ya nikahi, na tiba. Tulitaja Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, inayorekebisha chembe za uboho za mgonjwa mwenyewe, wala mabadiliko yake hayaendi kwa watoto wake. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Shamba la Zaidi halilipi hata nauli ya ndoto hiyo. Tulipata alama nzuri.

Likizo nikapanda taksi ya Mbale hadi Tororo, lile jiwe likatokea dirishani, kisha Busia, nikavuka kwa miguu. Jioni nilimsimulia mama mas'ala yote huku anakunja leso zake za biashara. Alisikiliza mpaka mwisho, pamoja na Arfaja na pua yake. Kisha akauliza, "Na yule binti wa miaka tisa, mwanangu? Pesa ya shamba imemfikia?"

Sikuwa na jibu. Nilitoa karatasi yetu nikaipitia. Binti ametajwa mara moja, mstari wa tatu, katika kunakili swali. Kurasa nne za mtoto ambaye hajatungwa, na aliye hai hana hata sentensi. Nami nina mdogo wangu, amelala mkekani hatua mbili kutoka nilipokaa, anayemeza vidonge vya haidroksiyurea kila siku, na mama anajua bei yake bila kuangalia risiti.

"Huyo Zaidi anamkimbia," mdogo wangu alisema, bila kuinua kichwa. Nilidhani amelala.

Nilikumbuka hadithi ya Nuuman bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.). Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia, akamwamrisha kumcha Allah na kuwafanyia watoto uadilifu. Hadithi hii kila mmoja wetu anaijua tangu madrasa. Hakuna aliyeileta darasani.

Nimewarudishia wenzangu karatasi, na tumekubaliana kuiandika upya ingawa alama zimeshatolewa. Mmoja anasema matibabu ya binti ni sehemu ya nafaka ya wajibu, kwa hiyo Zaidi hana ruhusa ya kupeleka shilingi kwa daktari wa mbali kabla binti hajapata dawa, chandarua na nauli ya kliniki. Mwingine anasema shamba ni mali ya Zaidi, akishatimiza nafaka kinachobaki ni chake. Bado hatujakubaliana nafaka ya mtoto mwenye sikoseli inaishia wapi. Mwenye kauli ya wanavyuoni juu ya hilo atuletee. Wallahu aalam.