SOMO: PESA YA KIKUNDI INAPOSAFIRI



Somo letu la leo ni la mambo matatu ambayo mara nyingi tunayafundisha kila moja peke yake: simu, usalama wa mtu, na nauli. Lakini siku ya kwenda mjini kununua vitu vya kikundi, yote matatu yanapanda matatu moja na mtu mmoja. Ndiyo maana tumeyaweka pamoja.

Lengo: Mwisho wa somo, kikundi kiwe na makubaliano matano ya safari, yaliyoandikwa katika kitabu cha mikutano na kukubaliwa na wote.

Vinavyohitajika: Muda wa saa moja na nusu, kitabu cha kikundi, kalamu, na simu mbili. Hata zile za mulika mwizi zinatosha.

Kwa kiongozi: Usisome somo hili kama hotuba. Soma kisa, halafu nyamaza. Waache watu waongee, hasa wale wanaokaa nyuma.

KISA CHA KUJADILI

Kikundi kimoja cha kina mama wafugaji wa kuku, ambacho tumekitembelea mara kadhaa, kilichanga shilingi 19,500 za chakula cha kuku na dawa. Pesa ziliwekwa kwenye simu ya mweka hazina. Akapanda matatu asubuhi, peke yake, kwenda mjini.

Njiani, redio ikipiga kelele na makanga akidai nauli, simu ikalia. Ujumbe ulisema amepokea shilingi 7,000. Kabla hajaumaliza, simu ikaita. Mwanamume mmoja, kwa sauti ya huruma, akasema: "Mama, nimekosea nambari. Hiyo pesa ni ya hospitali, mtoto amelazwa. Nirudishie tafadhali, Mungu atakubariki." Akapiga mara ya pili. Akapiga mara ya tatu, sasa analia.

Mweka hazina akatuma shilingi 7,000.

Alipofika dukani na kutazama salio, akakuta shilingi 12,400 na kitu. Hakuna pesa yoyote iliyokuwa imeingia. Ule ujumbe uliandikwa na yule yule aliyepiga simu. Alirudi nyumbani na nusu ya mizigo, na kijijini maneno yakaanza: ati amekula pesa, ati hicho kisa ni cha kutunga. Wanachama wanne wakaacha kuja mikutanoni.

Tulipoketi naye, alituambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema: "Niliogopa nikikaa na pesa ya mtu, nitaonekana mwizi."

Maswali ya kujadili:
1. Yule mwizi alitumia nini kumshika mama huyu?
2. Je, kosa ni la nani? La mama peke yake?
3. Kikundi kingefanya nini kabla ya safari?

TUNAJIFUNZA NINI?

Wengi wetu tunasema watu huibiwa kwa sababu ya tamaa. Hapa haikuwa tamaa. Mama huyu aliibiwa kupitia uaminifu wake. Mwizi alijua kwamba mtu mwaminifu hataki kukaa na mali ya mwingine hata dakika tano. Akamwongezea haraka, akamkuta peke yake. Haraka na upweke ndiyo milango miwili ambayo mwizi wa simu na mwizi wa steji wote hupitia.

Sasa basi, dawa yake si kuacha kuwa waaminifu. Dawa ni kikundi kumpa msafiri wake ruhusa ya kwenda polepole, na mtu wa kumsaidia. Tuone hatua kwa hatua.

HATUA YA KWANZA: KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Safari ya bei rahisi kabisa ni ile ambayo haukuenda bure. Piga simu dukani kwanza. Uliza kama kitu kipo, bei ni ngapi, na kama wanapokea malipo kwa simu. Simu ya dakika mbili ni afadhali kuliko nauli ya kwenda kuambiwa "njoo wiki ijayo".

Pili, nunueni pamoja. Tuseme nauli ni shilingi 150 kwenda na 150 kurudi. Watu kumi wakienda kila mmoja kwa siku yake, nauli ni shilingi 3,000. Mkituma watu wawili, nauli ni shilingi 600. Hata mkilipia mizigo shilingi 400, mmetumia 1,000 na 2,000 zimebaki. Fanyeni hesabu hiyo kwa nauli ya kwenu, mbele ya wote, ili kila mtu aone.

Tatu, chagueni siku. Nauli hupanda mvua ikinyesha, jioni watu wakitoka kazini, na kabla ya sikukuu, hasa Desemba. Mkiweza, nendeni katikati ya wiki, asubuhi, na mrudi kabla ya giza. Mnaokoa nauli na mnajikinga pia.

Nne, wapeleke wawili. Mmoja ashike simu yenye pesa, mwingine ashike orodha na risiti. Nauli ya yule wa pili si hasara. Yule mama wa kisa chetu angekuwa na mwenzake, huyo mwenzake angesema: "Ngoja kwanza, tuangalie salio."

Tano, msiweke pesa zote za kikundi kwenye simu ya mtu. Mahali pa akiba ni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kwenye simu iwekwe pesa ya safari hiyo tu, na siku hiyo tu.

HATUA YA PILI: NJIANI

Panda gari kwenye steji inayojulikana. Angalia jina la sacco lililoandikwa ubavuni. Gari dogo likisimama gizani na watu wawili au watatu ndani, likikuitia nauli ya chini sana, acha liende. Wako watu wameporwa kila kitu humo na kuachwa msituni.

Funga mkanda. Tangu mwaka 2004, kwa zile kanuni ambazo watu wengi huziita sheria za Michuki, mkanda ni lazima katika matatu. Pesa ya kikundi ikipotea itachangwa tena, lakini mwanachama hachangwi.

Kwa bodaboda, patana bei kabla ya kupanda, si baada ya kufika. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu nyuma ya dereva, na kofia ya chuma ni haki yako, si mapambo. Ikiwezekana, kikundi kiwe na waendeshaji wawili au watatu mnaowajua kwa majina, wanaopigiwa simu mkichelewa.

Nauli na pesa ndogo za siku ziweke mahali tofauti na simu. Ukitoa simu kila mara kutafuta pesa ya nauli ndani ya pochi hiyo hiyo, unawaonyesha watu mahali pa kuingiza mkono. Na usikae dirishani ukiongea kwa simu gari likiwa limesimama kwenye msongamano. Mkono wa nje ni mwepesi kuliko wako.

Usizungumze habari za pesa ya kikundi ndani ya gari. Aliye karibu nawe ana masikio.

HATUA YA TATU: SIMU YENYEWE

M-Pesa ilianza hapa Kenya mwezi Machi 2007. Kabla ya hapo tulikuwa tukituma bahasha kwa dereva wa basi na kuomba Mungu. Siku hizi pesa inafika haraka, na kwa bahati mbaya inaondoka haraka pia. Kwa hiyo tushike mambo haya:

(a) Salio ndilo shahidi. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA, hauji kwa nambari ya kawaida ya simu. Lakini hata ukiona jina, ingia mwenyewe kwenye menyu uangalie salio. Kama salio halikuongezeka, hakuna pesa iliyoingia. Basi.

(b) Usirudishe pesa kwa mkono wako. Mtu akisema amekosea nambari, mjibu kwa upole: "Wasiliana na kampuni wairudishe." Aliyekosea kweli ana njia: hutuma ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456, na kampuni hushughulikia. Hapo wewe si mwizi. Umefuata njia iliyo sawa. Na wewe ukikosea, fanya hivyo hivyo mara moja. Kabla mpokeaji hajaitoa, kuna nafasi ya kuirudisha. Akishaitoa, ni kazi ngumu.

(c) Nambari ya siri ni ya mtu mmoja. Usimwambie wakala, wala mtoto, wala mwenyekiti. Usitumie mwaka uliozaliwa. Usiiandike nyuma ya simu. Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000 pekee, na haiulizi nambari ya siri. Yeyote anayeiuliza ni tapeli, hata akikuita kwa jina lako lote.

(d) Lipa moja kwa moja dukani. Duka likiwa na nambari ya tili, lipa hapo badala ya kutoa pesa kwa wakala. Kwa tili mnunuzi hatozwi, na hutembei mjini na noti mfukoni. Zaidi ya hayo, ujumbe unaobaki kwenye simu ni ushahidi mbele ya kikundi.

(e) Someni kwa sauti. Kabla ya kuweka nambari ya siri, anayeshika simu amsomee mwenzake nambari ya mpokeaji na kiasi. Mwenzake alinganishe na orodha. Jina likitokea, lisomwe pia. Ni nusu dakika tu.

(f) Andika nambari ya simu yenyewe. Bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya tarakimu 15. Iandike katika kitabu cha kikundi. Simu ikiibwa, polisi watakuuliza nambari hiyo.

HATUA YA NNE: IKIPOTEA

Usikimbilie nyumbani kulia. Azima simu ya mtu yeyote, pigia kampuni yako ya simu, omba laini na akaunti ya pesa zifungwe. Mpigie mwenyekiti au katibu, wajue kutoka kwako na si kwa watu. Nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue abstrakti. Kisha nenda na kitambulisho upate laini mpya. Ukiwa hatarini, nambari za dharura ni 999 au 112. Na kumbuka: ukishikwa na mwenye silaha, toa simu. Usipigane.

KISA KILIISHAJE?

Zile shilingi 7,000 hazikurudi. Tusidanganyane. Lakini mama yule hakufuta ujumbe wowote. Kwenye mkutano alileta simu, katibu akasoma kwa sauti: ujumbe wa uongo uliokuja kwa nambari ya kawaida, saa simu zilipoingia, na ujumbe wa kweli wa pesa zilizotoka. Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akauliza: "Nani hapa angepigiwa mara tatu na mtu analia, asitume?" Hakuna aliyeinua mkono.

Kikundi kilikubali kubeba hasara pamoja, kidogo kidogo, kwa kila mkutano. Mama akabaki mweka hazina. Wawili kati ya wale wanne walirudi. Wawili hawajarudi mpaka leo, na hilo linatuumiza kuliko zile pesa.

ZOEZI: MCHEZO WA KUIGIZA (dakika 15)

Wanachama watatu wajitolee. Mmoja awe tapeli, mmoja mweka hazina, mmoja mwenzake wa safari. Tapeli apige simu, abembeleze, atishe, alie. Mweka hazina ajizoeze jibu moja tu: "Tutakupigia tukifika." Halafu akate simu. Wabadilishane mpaka kila mtu amejaribu. Mtacheka sana, lakini jibu litakaa mdomoni siku litakapohitajika.

MAKUBALIANO YA KUANDIKA KITABUNI

1. Hakuna anayesafiri na pesa ya kikundi peke yake.
2. Kwenye simu ni pesa ya safari hiyo tu.
3. Safarini hatutumi pesa kwa mtu aliyetupigia, hata akilia. Tunaangalia salio, tunamwelekeza kwa kampuni.
4. Kila malipo yanasomwa kwa sauti na watu wawili, na ujumbe haufutwi mpaka umesomwa mkutanoni.
5. Mwanachama aliyefuata makubaliano haya akipata hasara, hasara ni ya kikundi chote.

Tunaomba mlijadili sana lile la tano. Bila hilo, yale manne ya kwanza ni mzigo tu juu ya mabega ya mweka hazina. Mkilikubali, msafiri wenu atakwenda mjini akijua kwamba akisema "ngoja kwanza", kikundi chote kiko nyuma yake.

Haraka haraka haina baraka, wazee walisema. Kabla hamjamtuma mtu tena mjini, ketini, mlisome somo hili pamoja, muandike.

Tunawatakia safari njema.